Moto haumtibu jodari aliyelala juani

Watu wanne wamezunguka sinia moja ya wali wa nazi na jodari wa kukaanga. Nusu saa baadaye mmoja wao uso umemwiva, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio na midomo inamwasha kama aliyetafuna pilipili mbichi. Watatu waliobaki hawana neno. Hapo maneno huanza. Huyu damu yake haipatani na samaki. Huyu kapigwa jicho. Samaki hakuiva. Mara nyingi hakuna hata moja lililo kweli, na hilo la mwisho ndilo linalopoteza watu zaidi, kwa sababu linawafanya waamini kwamba yule samaki angerudishwa motoni mambo yangekuwa sawa.

Hapa Malindi tumelelewa kuuamini moto. “Chemsha tena” ndiyo dawa ya maziwa, ya mchuzi wa jana, ya maji ya kisima. Na kwa mengi ni kweli, maana moto unaua vijidudu. Lakini chakula kinaweza kumdhuru mtu kwa njia tatu zisizofanana. Kuna vijidudu vilivyo hai ndani yake. Kuna sumu ambayo vijidudu vimekwisha kuitengeneza kabla chakula hakijatelekwa. Na kuna sumu ambayo mmea au mnyama mwenyewe amezaliwa nayo au ameipata katika anachokula. La kwanza moto unaliweza. La pili mara nyingi haufui dafu. La tatu inategemea ni chakula gani. Ukimuua nyoka, sumu aliyokwisha kuitia mguuni haitoki, na hivyo ndivyo ilivyo kwa jodari aliyeshinda juani kisha akakaangwa mpaka akawa mkavu.

Nianze naye huyo jodari, maana kwake ndiko fumbo liliko gumu. Mnofu wake mwekundu una histidini nyingi, karibu gramu moja katika kila gramu 100. Histidini ni sehemu ya protini na haina ubaya wowote samaki akiwa hai. Akifa, vijidudu vilivyokuwa kwenye mashavu, ngozi na matumbo huanza kuingia mnofuni, na baadhi ya vijidudu hivyo vina kimeng'enya kinachoigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ndiyo hiyo hiyo ambayo miili yetu huitoa tunapoumwa na nyuki, ndiyo maana aliyekula samaki huyo huwashwa, huvimba vipele na uso kumwiva kama mwenye mzio. Kodeksi, viwango vya chakula vinavyosimamiwa na FAO na WHO, imeweka mpaka wa miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki. Kuufikia mpaka huo si lazima histidini yote igeuke. Katika jodari, ikigeuka chini ya asilimia 3 tu, inatosha.

Histamini ikishaingia, haiogopi kitu jikoni. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, na kuoka juu ya makaa ni vivyo hivyo. Ndimu, siki na ukwaju huondoa shombo tu. Friza huvizuia vijidudu visiendelee, lakini histamini iliyokwisha kutengenezwa itakusubiri humo humo hata miezi mitatu. Hata kiwandani, ambako samaki wa mkebe hupikwa kwa joto kubwa kuliko la jiko lolote la nyumbani, haitoki. Na pua yako haiwezi kukuonya sikuzote, kwani histamini yenyewe haina harufu tunayoijua, na samaki anaweza kufika kwenye kiwango cha hatari kabla hajaanza kunuka.

Fumbo la sinia nalo linaeleweka hapa. Histamini haitapakai sawasawa mwilini mwa samaki. Pande la mbele, karibu na tumbo na mashavu, huweza kuwa na nyingi huku la mkiani likiwa na kidogo. Aliyemegewa pande la mbele huumia, mwenzake wa mkiani huomba aongezwe. Kwa hiyo kusema “mbona sisi tumekula na hatukudhurika” hakuthibitishi chochote kuhusu pande alilokula mgonjwa.

Jodari hayuko peke yake. Sehewa, nguru, vibua, simu na faulusi wote wana histidini ya kutosha kuleta shida hii. Changu, tafi, pono na tewa, samaki wa miambani wenye mnofu mweupe, kwa kawaida hawana. Hao huoza kwa njia iliyo wazi zaidi, watanuka na utawakimbia. Ndiyo maana mtu aliyezoea kumpima tafi kwa pua hudanganyika akimpima jodari kwa kipimo hicho hicho.

Sasa suala la saa. Miongozo ya usalama wa samaki ya Marekani inasema samaki wa jamii hii akikaa kwenye hewa au maji yaliyozidi nyuzi 28.3 za Selsiasi, inatakiwa awe barafuni ndani ya saa 6 tangu afe. Huku kwetu, kaskazi ikikolea, bahari yenyewe hufika joto hilo, achilia mbali sakafu ya mashua jua likiwa utosini. Na saa zinahesabiwa tangu samaki afe, hazihesabiwi tangu afike sokoni. Hili lina maana kubwa kwa aina ya uvuvi. Samaki wa mshipi hupanda chomboni akiwa hai, kwa hiyo nahodha anajua saa yake ilianza lini. Samaki wa jarife anaweza kuwa alinaswa usiku wa manane na kufia wavuni, akabaki humo katika maji ya vuguvugu mpaka nyavu zilipovutwa alfajiri. Huyo anapoingizwa chomboni saa zake nyingi zimekwisha kuliwa, na kwa macho anafanana kabisa na mwenzake.

Jodari mkubwa ana tatizo jingine la maumbile. Tofauti na samaki wengi, mwili wake huhifadhi joto la misuli, na akipigana na mshipi huzidi kupata moto. Akitupwa ubavuni mwa chombo bila barafu, katikati yake huwa na joto kuliko hewa inayomzunguka. Kumwekea barafu ya juu juu hakutoshi. Inabidi apasuliwe, matumbo na mashavu yatolewe, aoshwe, barafu iingie mpaka tumboni. Kutoa matumbo ovyo, yakapasuka na kumwagikia mnofu, ni afadhali angeachwa mzima.

Kuhusu barafu yenyewe, hesabu yake ni nzuri kuijua. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto. Kilo moja ya samaki kuteremka kutoka nyuzi 30 hadi sifuri hutoa kilojuli 110 hivi. Kwa hiyo thuluthi moja ya kilo ya barafu inatosha kumpoza samaki wa kilo moja, kama dunia ingekuwa haina jua. Barafu ya ziada ni ya kupigana na joto linaloingia kwenye kasha, ndiyo sababu FAO inashauri nchi za joto zitumie kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Barafu iwe imepondwa. Bonge kubwa hugusa samaki kwenye pembe tu na kuacha nafasi za hewa ya joto. Ukichanganya barafu iliyopondwa na maji ya bahari, samaki huzama ndani na kupoa upesi kuliko njia nyingine yoyote ya bei nafuu.

Ukiangalia hesabu hiyo utaona kwa nini simlaumu mchuuzi wa mwisho. Ngalawa haina nafasi ya kubeba barafu ya kulingana na samaki, barafu ni pesa inayolipwa kabla ya kujua kama bahari itatoa chochote, na umeme ukikatika hata aliye tayari kulipa hapati. Mimi naona pesa ya umma inayowekwa kwenye mtambo wa barafu na makasha mazuri pale vyombo vinapotia nanga, iwe Mayungu, Ngomeni au hapa mjini, inaokoa samaki wengi na watu wengi kuliko kampeni yoyote ya kumfundisha mama wa nyumbani kupika. Samaki huokolewa baharini au haokolewi kabisa.

Lakini wewe ukiwa umesimama mbele ya meza na mkoba wako, kuna la kufanya. Uliza kwa adabu, na uliza mambo yanayojibika. “Ami, huyu wa mshipi au wa jarife? Barafu kaiona saa ngapi?” Muuzaji mzuri hujibu bila kusita, na ukiwa mteja wake wa kila wiki atakwambia hata ukweli usiomfaa: “Huyo muache, chukua changu leo.” Mshike samaki. Aliyetoka barafuni huwa baridi mpaka ndani. Baridi ya ngozi tu yaweza kuwa ya maji aliyomwagiwa sasa hivi. Mfunue shavu, liwe jekundu, lisiwe la kahawia. Akipasuliwa tazama ndani ya tumbo. Ikiwa mbavu zimechomoka kwenye nyama na ukuta wa tumbo umelegea na kuchanika, matumbo yalikaa humo kwenye joto muda mrefu. Huyo hata akipunguzwa bei nusu si rahisi. Dalili hizi hukusaidia kumkataa samaki mbaya. Haziwezi kukuhakikishia kwamba jodari mzuri wa macho ni salama, na hapo ndipo swali la barafu linapokuwa na thamani kuliko jicho.

Samaki mnunue mwisho. Wengi wetu tunaanza na samaki kwa kuogopa watakwisha, kisha tunazunguka na mfuko wa plastiki kutafuta nyanya, mbata na dania, tunasimama kuulizana habari, tunapanda bodaboda. Ikiwa lazima uanze naye, mwambie muuzaji akuhifadhie barafuni mpaka urudi. Nyumbani aingie kwenye friji mara moja. Ukimpaka viungo kwa ajili ya samaki wa kupaka, tangawizi na thomu na ndimu vikolee ndani ya friji. Kumwacha mezani saa tatu kwa hoja kwamba “viungo vinalinda” ni kuvipa vijidudu muda wa kazi. Wa friza aanze kuyeyuka kwenye friji tangu usiku. Kumtia kwenye beseni la maji asubuhi na kumsahau hadi adhuhuri hufanya vibaya zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu kile kimeng'enya huvumilia baridi ya friza na huendelea na kazi joto likirudi.

Samaki wa mama karanga, yule anayekaanga samaki wa kuuza? Nawala na nitaendelea kuwala. Jodari aliyekaangwa asubuhi akiwa bado mbichi kweli ni salama kuliko mbichi anayeshinda mezani, kwa sababu mafuta ya moto yameua vijidudu kabla havijafanya kitu. Shida ni yule aliyeshindwa kuuzwa mchana akakaangwa jioni kwa masala mengi. Nenda kwa mama unayemjua, anayekaanga mapema na kumaliza. Ng'onda nao wana hesabu hiyo hiyo. Waliotiwa chumvi ya kutosha wakiwa wabichi hawana neno, lakini samaki aliyekwisha kuharibika hatakaswi kwa chumvi wala jua.

Ukitia tonge la jodari mdomoni ukahisi ukali kama wa pilipili ambayo hukuitia, acha hapo hapo, usimalize kwa kuona haya. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili, na kwa wengi huisha ndani ya siku moja. Dawa za mzio husaidia, maana zinafanya kazi dhidi ya histamini yenyewe. Akibanwa na pumzi, akivimba ulimi au akizimia, ni hospitali bila kungoja. Mweleze daktari ni samaki gani, aliliwa saa ngapi, na nani mwingine alikula. Bila maelezo hayo mgonjwa huandikiwa kwamba ana mzio wa samaki, akaishi Pwani miaka arubaini bila kugusa changu aliyekuwa hana kosa. Wanaotumia isoniazid, dawa ya kifua kikuu, wawe waangalifu zaidi ya wengine, kwa kuwa dawa hiyo huupunguzia mwili uwezo wa kuivunja histamini.

Kuna viumbe wa bahari ambao hata barafu haiwafai. Bunju ana sumu inayopooza misuli ya kupumulia, haina dawa ya kuipinga na haivunjiki kwa kupikwa. Kasa ni hatari ya aina nyingine, mara haidhuru, mara inaua, na hakuna anayeweza kumtambua kwa kumtazama. Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Walikuwa wameipika. Kwa Kenya kasa pia analindwa na sheria, lakini hata isingekuwepo sheria, nyama hiyo isingefaa kuingia nyumbani.

Turudi jikoni, kwenye wali wa mwiku. Ndani ya mchele mkavu mna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, kinachojifunga kwenye ganda gumu lisilokufa kwa kuchemka. Wali ukiwa wa moto sana kimelala. Ukikaa sufuriani usiku kucha, vuguvugu, umefunikwa, kinaamka, kinazaana na kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo imepimwa ikavumilia nyuzi 121 kwa zaidi ya saa nzima, na sufuria yako haipandi zaidi ya 100. Kwa hiyo kuupasha wali asubuhi mpaka utoe moshi kunaua kijidudu na kuiacha sumu. Mtu hutapika ndani ya saa moja hadi sita, na huwa tayari kulilaumu lile andazi la asubuhi. Wali wa nazi una mtego wake, tui likichacha utasikia harufu, na tukikosa harufu tunadhani tumesalimika, ilhali sumu hii haina uhusiano na uchachu wa tui.

Dawa ni kuupoza upesi. Baada ya kula, wali uliobaki utandaze kwenye sinia pana, unene wa vidole viwili, upoe, kisha uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Sufuria zima la wali likiingizwa friji hivyo hivyo, katikati yake hubaki na joto mpaka usiku wa manane. Asiye na friji apike wa kutosha kuisha. Kwenye harusi na hitima ndiko ninakoogopa zaidi, pilau ya kilo nyingi inapoivishwa usiku ili iliwe adhuhuri, na sufuria limefunikwa vizuri kwa nia njema. Ama makaa yabaki chini na juu yake, pilau iwe ya moto kweli mpaka inapakuliwa, ama iivishwe asubuhi.

Unga wa mahindi ni suala la dukani na ghalani, nami nitalipitia haraka. Mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huacha sumukuvu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi ya namna hiyo. Kusonga ugali hakuivunji sumukuvu. Kinachosaidia ni kukausha vizuri, kuchambua na kutupa punje zilizobadilika rangi, kukunjamana au kutobolewa na wadudu, na kukoboa, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Ukinunua mahindi ya kusagisha, chukua ukucha ujaribu punje, ile inayoingia ukucha bado ina maji. Njugu nazo zichambue, na iliyo chungu mdomoni iteme.

Baada ya yote hayo nisije nikaonekana nautukana moto, maana kuna mahali ambapo tunaunyima kazi yake. Maharagwe mekundu yana lektini inayoumiza tumbo vibaya, na hii moto unaimaliza, kwa sharti yachemke kwelikweli. Yaloweke saa tano au usiku kucha, maji hayo yamwage, kisha yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza makaa. Kuyapikia moto mdogo tangu mwanzo, bila kuchemka, huweza kuifanya lektini iwe na nguvu zaidi kuliko yalipokuwa mabichi. Muhogo nao una sumu yake, sianidi, kidogo kwenye ule mtamu tunaoujua, nyingi kwenye mchungu, na ganda ndilo lenye nyingi zaidi. Hapa moto na maji husaidiana. Umenye ganda lote mpaka lile la waridi la ndani, uukate vipande, uuchemshe sufuria likiwa wazi ili mvuke utoke, na maji ya kwanza uyamwage kabla ya kutia tui.